Kizingiti cha Sentimita Mbili

Tartu, mwezi wa pili. Ukumbi wa mazoezi unanuka mpira na nta.
Nimebandika utepe wa njano sakafuni: mita kumi,
kisha duara, kisha mlango, kisha kizingiti
cha ubao, sentimita mbili tu,
kimo ambacho kiatu changu hakijawahi kukihesabu.

Fomu yangu inajua tarakimu tatu.
Mbili: ameweza. Moja: ameweza kwa taabu.
Sifuri: basi.

Taavet ana miaka kumi na mitano, mtindio wa ubongo,
na masharubu machanga anayoyaonea fahari kuliko vyote.
Mkono wa kuume humtii. Wa kushoto una mambo yake:
ukiitwa huja umekunja ngumi,
ukiachwa hukaa kifuani kama mgeni aliyenuna.

Mita kumi.
Kila msukumo kiti kinakwenda upogo, kushoto,
kila mara wayo wake unaburura chini, unakirudisha njiani.
Mama yake, Helve, yuko benchi la ukutani,
ameikalia mikono yake
isije ikainuka yenyewe kusukuma.

Kugeuka papo hapo: mbili.
Kuokota kalamu: moja. Ilimtoka, ikamtoka tena,
ya tatu akaibana kwa vidole viwili kama sigara,
akanikonyeza.
Mlango: "Nishikie, Mama. Kwa mguu. Si hivyo. Hivyo."
Akapita.
Fomu haijui kuomba; fomu yadhani
aliyeomba ameshindwa.
Nami asubuhi hii nilisukumiwa gari na jirani
nisiyemjua hata jina.

Kisha kizingiti.
Magurudumu madogo yakagonga, yakakataa.
Mara ya pili mwili mzima ulikaza
kama nguo iliyosahauliwa kambani, ikaganda barafu.
Mara ya tatu nikaandika sifuri,
kwa penseli, ndiyo, lakini niliandika.

Akatulia. Akangoja misuli imwachie.
Akageuza kiti, akanipa mgongo,
akachungulia nyuma juu ya bega,
akakita wayo wa kulia, akasukuma, akakita tena,
na magurudumu makubwa yakapanda ubao
kinyumenyume,
kama mtu anayeaga mfalme.

Helve alikuwa amesimama. Sijui tangu lini.

Kisanduku cha jambo hilo hakipo.
Nilifuta sifuri mpaka karatasi ikachubuka,
nikaandika pembeni, kwa wino: *amepita kwa njia yake.*

Nje, theluji ya jana imeganda kuwa kioo
juu ya mawe ya barabara. Huku hakuna utepe.
Nawasindikiza hadi garini, fomu kwapani,
na hatua ya nne kiatu kinanisaliti:
nadaka mpini wa kiti chake, naning'inia hapo,
karatasi zinatawanyika na upepo.
Kiti hakikusogea. Breki alikuwa ameshaifunga.

Hakucheka. Alinipima toka juu mpaka chini,
taratibu, kama mtu mwenye penseli.

"Moja," akasema.