Gamba

Sanduku walilobeba Wahangari lingemtosha mtoto wa darasa la nne.
Bunu akanitupia jicho. Nikamwambia nyamaza.
Borbala akafungua: nyuzi sita za utumbo wa kondoo,
zimevimba kwa unyevu wa Mkomani.
"Jina lake gamba," akasema.
Nikalipapasa tumbo lake. Laini, hakuna hata gamba moja.

Kigingi kimepasuka, na kesho wanapiga uani kwa Bi Mwanaesha:
kwanza muziki wa wafalme waliokwishaoza,
kisha jazi, kisha kitu kisicho na jina
ambacho yule mrefu, Lorinc, alinionyesha kwa kugonga tindo zangu
mojamoja, sikio limeinama, kama anayechagua nazi.

Nikachonga kigingi kwa kipande cha mpingo
kilichosalia kwenye komeo la marehemu Shekuwe.
Nikauliza: ya kale na ya leo, vidole havichanganyikiwi?
Borbala akanyosha mkono kwenye mlango ninaoukarabati,
ua la kale kushoto, langu kulia.
"Mshono uko wapi?"

Sikumwonyesha.
Nikapaka chaki, nikakaza. Uzi ukalia mara moja,
na Bunu, asiyependa chochote,
akaacha kupiga randa.