Saa Mbili za Fundi Sikanyika

Kibanda cha baba kilikuwa hatua arobaini kutoka mpakani.
Ukutani saa mbili: moja ya Tunduma, moja ya Nakonde,
na katikati kalenda ya Moraviani
isiyoegemea upande.
Huku saa mbili asubuhi;
kule, jua hilohilo, vumbi hilohilo, wanaita seveni.
"Hakuna anayekosea," alisema, lenzi jichoni,
"ila usimwahidi mtu chai kabla hujamuuliza
anakunywa kwa saa ya nani."

Nilikua nikiipima dunia kwa mtaa mmoja.
Huku ukinunua kitenge bila kupatana bei
muuzaji anakuhurumia, anauliza kama unaumwa.
Kule bei imebandikwa;
ukiomba upunguziwe, dada wa dukani
anatazama viatu vyake, anaona aibu kwa niaba yako.
Huku tunasema: Wazambia wamelala.
Kule wanasema: Watanzania, hata salamu wanaipigia kelele.
Ugali wakiuita nshima unakuwa laini zaidi.
Hilo nakiri, mama asinisikie.
Na dagaa wetu wakivuka wanaitwa kapenta,
bei inawapanda kichwani
kama kijana aliyerudi kutoka masomoni.

Shangazi Nanyangwe aliolewa kule.
Akija kwetu anapiga magoti,
anapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, taratibu;
sisi tunamrushia shikamoo, mguu mmoja mlangoni.
Kisha anaketi na baba, wanafungua Kinyamwanga,
ambacho hakijawahi kugongewa muhuri,
wanamsema dereva wa lori, siku ya nne foleni,
aliyeanika fulana kwenye kioo cha pembeni.

Utotoni nilikuwa mwizi wa muda.
Nikichelewa kurudi nyumbani nilikata njia ya panya,
nikasimama uani kwa shangazi,
nikawa nimewahi.
Baba alicheka mpaka skrubu ikamdondoka:
"Uliyoiiba kule utairudisha ukivuka."

Alifariki mwezi wa sita, baridi ikiuma kama deni,
saa sita na dakika ishirini usiku,
tarehe kumi, alivyoandika tabibu wa zamu.
Mimi ndiye niliyetumwa. Nikavuka.
Mbwa wa walinzi alininusa, akaniacha.
Shangazi alifungua mlango, akanisikiliza,
akageuka kutazama ukutani:
saa tano na dakika arobaini na tano. Tarehe tisa.
"Umesema saa ngapi?"
"Saa sita na dakika ishirini."
"Basi bado," akasema.
Akakaza kitenge, akapuliza mkaa,
akamkorogea kaka yake uji wa ulezi,
bila sukari, "anavyoupenda."
Anavyoupenda. Sikumsahihisha.
Kwa dakika thelathini na tano, katika nchi jirani,
baba yangu alikuwa mgonjwa tu.
Halafu mshale ukafika, naye akaweka mwiko chini,
akalia kilio ambacho hakikuwa cha huku
wala cha kule.

Kaburi lina tarehe kumi; mama ndiye aliyelipa saruji.
Kila mwaka shangazi huja siku moja kabla,
peke yake, na ufagio ndani ya rambo.
Kesho yake anarudi nasi kama mgeni,
anashangaa kwa sauti: "Nani amefagia hapa?"
Nasi tunashangaa pamoja naye. Adabu hiyo
sijui tuliitoa upande gani.

Kibanda sasa ni changu, natengeneza simu.
Usiku, kitandani, ya kwangu hushika mnara wa kule
bila kuniomba ruhusa,
na saa inarudi nyuma.
Majirani wanaizima hiyo, inawachelewesha kazini.
Mimi naiacha.