Umelipwa Ngapi?

Saa sita usiku stima imerudi Umoja
na simu imeamka kabla ya friji.
Jumbe mia moja na arobaini.
Mmoja ni wangu.

Asubuhi nilisema sentensi moja tu:
barabara ipite,
mradi wenye vibanda walipwe kwanza, hadharani, majina yakisomwa.
Ilikuwa na mkato katikati.
Wameondoka na nusu ya kwanza
kama mwizi aliyeokota kiatu kimoja akakimbia.

Musembi kinyozi ameuliza: umelipwa ngapi?
Mama Tatiana ameweka nyuso za kucheka, sita.
Mtu nisiyemjua, mwenye picha ya simba,
ameandika jina la baba yangu, kisha nukta tatu,
na Nairobi hii nani hajui kusoma nukta tatu?

Nikaandika: Mimi Kwamboka nimewashonea watoto wenu
tangu chekechea. Zipo sketi hapa hamjazilipia,
Musembi, ya bintiyo kiuno ishirini na sita.
Nikafuta.
Deni si hoja.

Nikaandika: njooni mwone nyumba ya aliyelipwa.
Nikashika sufuria yenye kiraka,
nikaisogeza kwenye taa, nikatafuta upande unaoonyesha kiraka vizuri,
ndipo nikajiona: mtu mzima
anapiga sufuria picha usiku wa manane
athibitishe kwamba ni maskini kiasi cha kuaminika.
Na ingekuwa mpya?
Barabara ingegeuka kuwa mbaya?

Basi nikajaribu vina, kama alivyotufunza Mwalimu Sagwe:

*Wanishutumu kwa pesa, ambazo sikuziona,*
*Nawajibu hivi sasa, kwa haki nitapambana,*
*Musembi ndiye mkosa, mwizi wa kila aina,*

nikakwama hapo.
Musembi si mwizi.
Wiki tuliyomzika mume wangu
aliwanyoa wanangu watatu, akakataa hata chai.
Ni kina kilichotaka mwizi, nami nikampa
aliyekuwa karibu.

Halafu likaja lile nililokuwa nikilikwepa
tangu stima irudi.
Uchaguzi uliopita, Adhis wa duka la unga
alisema atampigia mtu wake, na sababu akazitaja, nne.
Sikujibu hata moja.
Niliuliza, mbele ya wote, nikicheka:
umelipwa ngapi?
Februari alihama. Nilisema ni kodi.
Bado nasema ni kodi
nikiulizwa.

Kibandani, ukutani, nyuma ya nguo,
kuna alama ya X, rangi nyekundu, tangu Jumatano.
Hawajaiona. Ningewatumia picha yake sasa hivi
wangenyamaza wote, hata simba,
na wengine wangeniita dada.
Lakini wangekuwa wananihurumia,
na huruma nayo si hoja,
ingawa, Mungu anisamehe, niliitamani.

Saa nane niliituma tena sentensi ile ile,
nzima, na mkato wake.
Chini nikaongeza: Musembi, sketi iko tayari.
Kisha nikatafuta namba ya Adhis.
Nilikuwa nimeifuta.

Asubuhi alikuja, mikono mfukoni,
hakunisalimu kama siku zote, hakukosa kunisalimu.
Akasema: mimi bado nasema umelipwa.
Nikasema: na mimi bado nasema ipite, walipwe kwanza.
Akasema: hiyo ya pili hukuisema.
Nikasema: soma tena.
Alisoma pale pale, midomo ikitembea.
Hakusema kitu.
Akahesabu mia tatu, nusu ya bei, akaweka juu ya cherehani.

Nikanyoosha mkono nikaitungua sketi ya kijani
ukutani, ilipokuwa imetundikwa,
na nyuma yake rangi nyekundu ikatuangalia sote wawili.

Nilimkunjia sketi polepole.
Mia tatu, nikamwambia.
Sasa unajua nimelipwa ngapi.