Picha Isiyo na Mlima

Niliwaambia mapema: Kibo hapangiwi ratiba.
Anaweza kujifunika siku tisa ndani ya blanketi lake,
akatoa kipara alfajiri moja tu,
wakati mpiga picha yuko chooni.
Wakacheka. Wakalipa nusu.

Mimi ni mtu wa kumbi.
Miaka kumi na miwili napiga harusi za Moshi mjini:
ndafu na majani yake mdomoni,
mshereheshaji mwenye koti la kumeta,
shangazi wanaoinua simu mbele ya lenzi yangu,
watu mia nne wakinitazama kana kwamba nawazuia kula.
Harusi ya watu saba sikujua inashikwa wapi.

Tulipanda kutoka lango la Marangu, manyunyu yakituanza.
Bwana harusi, Ndelamio, ni mpagazi;
njia hii ameipita na mahema ya wageni, na mitungi ya gesi,
mara moja na choo cha plastiki cha mzungu mmoja.
Siku hiyo kichwani alibeba gauni, ndani ya mfuko wa mbolea,
akitembea polepole, yeye ambaye hukimbia,
kama aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni.

Aikande alikuja nyuma, suruali ya jinzi, gambuti miguuni.
Zilimzidi vidole vitatu.
Sikuuliza. Kila hatua zilisema pwa, pwa,
hata mbega juu ya miti wakaacha kula, wakasikiliza.

Njiani akanisimulia bila kugeuka:
baba ana daftari. Miaka ishirini, ukurasa kwa ukurasa,
majina ya watu aliowachangia.
Kwa Ulomi, elfu hamsini. Kwa binti wa Mzee Kileo, laki na mbuzi.
"Wewe ndiye mavuno yangu," alimwambia.
"Usipoolewa ukumbini, nani atanirudishia?"
Naye akajibu: mimi si kikoba, baba.
Ndivyo walivyoacha kusalimiana.

Maundi, ukingoni mwa kreta: ukungu.
Si ule wa kalenda. Ukungu wa maziwa mgando,
unanyoosha mkono, mkono unapotea.
Kibo hayupo. Mawenzi hayupo.
Bibi harusi akavalia nyuma ya kanga mbili zilizoshikwa na dada zake.
Mwinjilisti mstaafu akafungua kitabu, matone yakaloweka ukurasa,
akakifunga, akaendelea kwa kichwa.
(Bomani walikwisha kutia sahihi Jumatatu; huku walikuja kusikika.)

Ndelamio alipofika kwenye shida na raha, sauti ikakatika.
Hapakuwa na spika ya kukoroma imfunike,
wala vigelegele vya kukodi.
Tulisubiri. Watu wazima tunasubiri mtu mmoja ameze mate.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe
na sikubonyeza.
Hiyo ndiyo picha ninayoijua kuliko zote.

Baadaye nilipiga mia tatu, kijivu juu ya kijivu.
Mlima haumo hata katika moja.

Wiki ya tatu, dukani kwangu Kiborloni,
mzee amesimama mlangoni, kofia mkononi.
Hakutaja jina. Nikamfungulia kompyuta.
Za pete akazipita. Za busu akazipita upesi, kama anayevuka tope.
Akasimama kwenye moja niliyotaka kuifuta:
Aikande juu ya jiwe, gauni limekunjwa magotini,
anachokonoa matope kwenye soli kwa kijiti.

"Gambuti zangu," akasema.
"Za kupulizia kahawa. Nimezitafuta nyumba nzima."

Akainama karibu na kioo. Taa ikazimika, ikarudi,
bado ameinama.

Nikamwambia sitaki hela. Akaitoa hivyo hivyo, elfu kumi,
akaibandika mezani kwa kiganja.
Kisha akachomoa daftari kwenye koti,
akatafuta mstari mtupu,
akaandika taratibu, akitamka kila herufi kwa midomo:

Aikande. Mchango wa harusi. 10,000.