Herufi Mbili

Zihalirwa, mlinzi wetu wa usiku,
nimekuja kabla mvua haijashuka Nyawera,
kwa sababu juzi walikuvua koti,
wakageuza mifuko, wakakuta karanga
na picha ya mwanao,
wakakuuliza: pesa zimepita wapi?
Ukasema geti lilifungwa. Na kweli lilifungwa.
Mbwa hakubweka. Kufuli halikukwaruzwa.
Vipande vya chupa juu ya ukuta viko vilevile.

Mwizi alipita kwangu.

Saa nne na robo, jenereta inanguruma,
chai inapoa juu ya daftari la madeni,
barua pepe ikabisha hodi. Hapana, haikubisha,
mwenye adabu ndiye abishaye.
Ilikaa tu kati ya nyingine, kimya,
na jina la Semakula, anayetuuzia mabati kutoka Kampala:
"Mama Nabintu, salamu za nyumbani.
Tumebadilisha benki. Ankara mpya nimeambatisha.
Tafadhali leo, kabla ya saa sita, lori linangoja."
Alijua lori. Alijua idadi ya mabati.
Alijua hata kwamba naitwa Mama.

Nikalipa. Dola elfu kumi na nane.

Jumatatu Semakula mwenyewe akapiga simu,
akikohoa kile kikohozi chake cha sigara:
"Mama, mbona kimya?"

Mugisho, fundi wa kompyuta, akalikuza lile jina
hadi likajaa kioo kizima.
Hapakuwa na m.
Palikuwa na r na n, zimebanana
kama watu wawili chini ya mwamvuli mmoja;
kwa mbali unaona mtu mmoja.
Akachimba zaidi. Wiki mbili nyuma
nilifungua faili, "orodha ya bei",
ukurasa mweupe, mtupu, nikalifunga, nikasahau.
Lenyewe halikusahau. Lilibaki ndani
likisoma barua zetu usiku kucha,
wakati wewe ukizunguka ghala na tochi
ukimulika panya.

Nimemwambia bosi mbele ya wote:
mlango niliufungua mimi, kwa kidole kimoja.
Amenyamaza. Sijui atanifanyaje.

Ukutani nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu mbaya:
akaunti ikibadilika, piga simu,
namba ya kwenye daftari la zamani,
siyo ile iliyoletwa na barua.
Mtu wa pili aangalie. Haraka isubiri,
hata ikiwa ni haraka ya bosi.
Mimi nimeongeza langu, sikuliandika:
nisiposikia kikohozi, silipi.

Lakini wewe, kila jioni,
humulika uso wa bosi kwa tochi na kuuliza "Nani?"
ingawa gari lake unalijua kwa mlio tu,
tangu kule chini kwenye kona.
Tulikuwa tunakucheka, Zihalirwa.
Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Koti lako hili hapa. Kifungo nimekishona.
Karanga zile walizila;
hizi nimenunua leo, bado za moto.