Jina Juu ya Tranka

Fomu ina kurasa nne. Wa tatu ndio wenye mahitaji:
godoro futi mbili na nusu, shuka mbili za bluu,
jembe lenye mpini, fagio la chelewa,
tranka la bati, kufuli mbili.
Sechelela anasoma kwa sauti, kama karani wa mahakama.
Kwenye kufuli anasita.
"Mbili za nini?"
Moja huibwa, nasema. Wiki ya kwanza.
Nacheka. Yeye hacheki.

Jumamosi tulikwenda kuiona, mimi na Nyemo,
tukaipita Kongwa, upepo wa Julai ukiswaga vumbi
kama mchungaji aliyechelewa.
Mikaratusi ile ile. Kengele ile ile, ringi ya lori
iliyoning'inizwa kwa mnyororo; ilipogongwa
mgongo wangu ulinyooka wenyewe,
mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye shamba na kitambi.

Mkuu wa shule alitupokea vizuri. Akatuonyesha
vikombe kabatini, picha za waliokuja kuwa watu.
Akasema, samaki mkunje angali mbichi.
Nikaitikia, ndiyo, ndiyo.
Lakini huku kwetu, Mwalimu, samaki hutoka Mtera
wakiwa wameshakauka,
na sijamwona aliyekunjwa asivunjike.
Hilo nililifikiri njiani kurudi. Pale niliitikia tu.

Bweni la pili nilitafuta jina langu ukutani,
juu ya kitanda cha pembeni,
nilipolichonga kwa msumari. Wamepaka rangi. Krimu.
Nyemo alikuwa akihesabu vitanda. Akauliza:
"Baba, taa zikizimwa, watu wanaruhusiwa kuongea?"
Nyumbani halali
mpaka amsimulie mdogo wake Eunike
habari za mbuzi aliyekwenda kusomea urubani,
hadithi isiyo na mwisho, ina mwaka wa pili sasa.
Nikamwambia, kwa sauti ya chini.
Sikumwambia kwa nini ya chini.

Baba yangu aliuza fahali kunipeleka pale.
Fahali nilimlipa: daraja la kwanza.
Najua kupiga deki, kunyoosha shati kwa kulilalia,
kumaliza ugali wa moto kwa dakika nne.
Najua kutolia. Hilo nililijua kupita kiasi:
siku tuliyomzika mama, Mpunguzi,
watu walisema, tazameni mwanaume,
nami nilikuwa nayatafuta machozi
kama mtu anayepapasa kiberiti gizani
akijua kilikuwa hapa hapa.

Sechelela aliuliza mara moja tu.
"Ilikufundisha nini?"
Nikasema, nidhamu.
Akaendelea kuchambua mlenda.
Alikuwa akisubiri neno la pili.

Nina mizabibu ekari moja na nusu. Kupogoa nakujua.
Usipopogoa unavuna majani.
Ukikosea wakati, tawi hutoa maji
siku tatu, tone, tone,
na hakuna aliyenionyesha mkasi upite wapi
kwa mtoto wa miaka kumi na tatu
anayemsuka nywele mdogo wake
na kuwashinda darasa zima kwa hesabu.
Siyo kwamba shule ni mbaya. Hilo ndilo gumu.
Ingekuwa mbaya ningeshamaliza.

Leo niko kwa fundi bati, Sabasaba.
Matranka yamepandana, ya kijani, ya bluu, hadi kwenye turubai.
Fundi anachovya brashi katika rangi nyeupe.
"Jina?"
Nyemo Ndahani Chilongola.
Anaandika. N ya kwanza imekuwa kubwa mno,
herufi za mwisho zinabanana kama abiria.
"Na shule?"
Nyuma yetu mtu anagonga bati,
na mgongo wangu, tena, unanyooka.
"Achia nafasi," nasema.
"Rangi itakauka, mzee."
"Najua."