Chini ya Kitanda

Mjomba Dadi Likwata wa Madimba
alisikia gesi ikipita chini ya kitanda chake.
Si sauti kubwa, alisema. Sss.
Kama nyoka aliyekumbuka jambo.

Akapiga marufuku moto.
Somoe mkewe akahamishia mafiga kwa jirani,
kila jioni akivuka uwanja na sufuria ya ming'oko kichwani
kama anayepeleka futari.
Ipoe kwanza kizingitini. Cha moto hakikuingia.

Wakaja vijana wa mkuza, na ramani.
Bomba liko kule, mzee, nyuma ya shule, hatua mia nane.
Akaitazama ramani kwa adabu, akawapa korosho.
Walipoondoka akatugeukia:
mmeona? Kama hakuna kitu, wangeleta gari tatu?

Kifaa chao kilinyamaza sakafuni.
Kimeamrishwa, alisema.

Tukachimba, mimi na Mchopa, siku mbili, mpaka kiunoni:
udongo mwekundu, mchwa, mzizi wa mkorosho,
kigae cha chungu cha mtu tusiyemjua.
Akachungulia shimo, akatuonea huruma.
Limesogezwa, wanangu. Waliwasikia mkinoa majembe.

Basi siku moja Mchopa, hasira zimempanda,
akaingia chumbani akawasha kiberiti.
Njiti ikaungua hadi kwenye ukucha.
Nyumba ikabaki nyumba.
Mjomba alikuwa amelala kifudifudi juu ya Somoe,
kamfunika mwili mzima,
masikio yake kayaziba kwa viganja,
na alipoinuka alikuwa analia kwa furaha:
Mungu ameahirisha.

Hapo ndipo nilipoacha kubishana.
Kila ushahidi tuliompelekea ulikuwa ukuni,
na yeye, adui wa moto, aliupokea wote.

Alikufa usingizini, moyo tu,
msimu wa minada ya korosho.
Kwetu mpwa ndiye hurithi. Nyumba ni yangu,
na kitanda, na lile shimo tulilolifukia vibaya
linalobonyea kila masika.
Somoe amerudisha mafiga. Tunapika ndani, tunacheka.
Nimesoma, mimi. Najua bomba liko wapi,
nimelipita kwa baiskeli, nimevihesabu vigingi vyake.

Ila usiku, kabla sijawasha chemli,
nafungua dirisha.
Joto, namwambia Somoe kupitia ukutani.
Hajibu.
Nasikia komeo la dirisha lake:
ameshalifungua.